Jina Lililosubiri Mabata

Mvua za kwanza kijijini kwetu, nje kidogo ya Chidya, zilikuja na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho na ya matope ya bwawa lililoanza kujaa. Ndipo mabata bukini wa mwituni walipotua, wakubwa, weusi, miguu myekundu, na walikotoka hakuna aliyejua. Bibi, mzaa baba, aliwaita Wasio na Jina. Alisema ni watoto waliokufa kabla ya kupewa majina, na kila masika hurudi kuyatafuta. Kwa hiyo wakiwa bwawani mtoto mchanga haitwi jina. Wakilisikia hulichukua, na mtoto hulifuata.

Nilikuwa na miaka tisa mama alipojifungua mtoto wa kiume, siku mbili baada ya mabata kutua. Siku ya sita homa ikampanda. Mama alitaka kumpeleka hospitali, Ndanda.

"Watauliza jina la kuandika kwenye kadi," bibi alisema. "Utawaambia nini?"

"Mama, mtoto anaungua," mama alimjibu mkwewe.

Baba alitazama chini, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tusubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo nayo ni methali yetu, lakini siku hiyo hakuna aliyeikumbuka. Bado namlaumu baba kwa hilo, Mungu anisamehe.

Tulisubiri siku mbili. Asubuhi ya tatu nilichukua sufuria na mwiko, nikashuka bwawani peke yangu. Nilipiga hadi mkono ukafa ganzi. Mabata waliinua shingo, wakanitazama, wakaendelea kula majani. Nikaingia majini hadi kiunoni, nikipiga na kulia, mpaka wakaruka wote. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba wameondoka, mtoto aitwe sasa. Nilikuta wanawake wameketi chini, kanga vichwani. Alizikwa mchana ule bila jina.

"Wamekwenda naye," bibi alisema. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyewarusha naye.

Leo mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku Masasi. Bwawa lile limegeuzwa shamba la mpunga, na mabata siku hizi hawaji. Akina mama bado huniletea wachanga wasio na majina, wengine wakiona haya kusema kwa nini. Naandika kwenye kadi "Mtoto wa", kisha jina la mama, nampima, nampa dawa. Kumbe jina la mama lilitosha.