Pipi Nyeusi za Bibi Aino

Juzi mwenzangu kazini alifungua pakiti ya pipi nyeusi za Ufini. Ile harufu, banda la kuku lililomwagiwa chumvi, ikanirudisha mji wa Sterling, ughaibuni, nikiwa mtoto.

Mama alikuwa akimtunza Bibi Aino, Mfini mzee aliyekuwa hatembei tena. Nikitoka shule nilikwenda huko, maana nyumbani hapakuwa na wa kunitazama. Bibi angenichoka, Mama angelazimika kuacha kazi. Basi akanionya mapema: "Akikupa kitu, pokea kwa mikono miwili, kula mbele yake, usikunje uso. Mkataa pema pabaya panamwita."

Sasa Bibi Aino alikuwa mwalimu, na walimu hawastaafu, jamani. Alinifundisha Kifini huku ndege za uwanja wa Dulles zikinguruma juu ya paa. Alipenda maneno ya namna ya "anayelala", yanayobadilika mkia kila yanapopewa kazi mpya. Nukkuva koira, mbwa anayelala. Nukkuvan koiran, wa mbwa anayelala. Nukkuvalle koiralle, kwa mbwa anayelala. Nilimchukia mbwa yule na usingizi wake. Tena nikipatia, zawadi ilikuwa pipi nyeusi. Yaani nasoma kwa bidii ili nitapike! Machozi yalinilengalenga, nikameza na kutabasamu.

"Anazipenda sana," Bibi alimwambia Mama kwa Kiingereza, akaniongeza nyingine.

Mama naye, kwa shukrani, kila Ijumaa alimpikia mlenda wa bamia, ule wa kwetu Dodoma unaovutika kutoka bakulini hadi kidevuni. Bibi alikula kwa mkono, polepole, kafumba macho. Alisifu, akaongezewa.

Nilikuwa chuo alipofariki. Mwanawe alikuja kufunga nyumba, akatuuliza huku akicheka, kile chakula cha Ijumaa kilikuwa nini hasa. Mama yake, alisema, tangu utoto hakuweza kumeza kitu chenye utelezi, hata uji ulimchefua. Kila Ijumaa Bibi alimpigia simu kulalamika, na kila mara alimaliza vilevile: "Nikikataa, mama wa mtoto ataona aibu, na mtoto hatakuja tena."

Mama alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

Pipi zile ni uchafu hadi leo, sibadilishi neno. Lakini juzi mwenzangu aliponisogezea pakiti nilipokea kwa mikono miwili, nikala mbele yake, nikaomba nyingine.