Siku Kumi za Sajini

Kila jioni tukishamaliza kula, jikoni kwetu Lurambi kulijaa harufu ya ukoko wa ugali uliobanduliwa kwenye sufuria na kulowekwa katika mchuzi wa dagaa wa omena uliobaki. Mama aliukoroga kwa mwiko, akaumimina kwenye bakuli la bati lililochubuka rangi, na kabla hajanyanyuka kwenye kigoda tulisikia kucha zikikwaruza udongo nje ya mlango. Hicho kilikuwa chakula cha mbwa wetu, Sajini. Harufu ile haikuwa nzuri hata kidogo, lakini mimi niliipenda kwa sababu ilimaanisha vyombo vimekwisha kuoshwa, mvua ya alasiri imeacha kunyesha, na sote tuko nyumbani: Baba, Mama, mimi Rispa, na mdogo wangu Enoki, ambaye wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakuwa amefikisha miaka minne.

Sajini hakuzaliwa kwetu. Binamu yake Mama alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi huko Malava, na pale mashineni palikuwa na kundi la mbwa wasio na mwenyewe waliogombania unga uliomwagika na chochote walichotupiwa na wateja. Binamu huyo alimwonea huruma mmoja wao, akamtia kwenye gunia, akamfunga juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli na kutuletea. Alipofunguliwa alikuwa mifupa mitupu, sikio moja limechanika, lakini alisimama uani kifua mbele kama askari kwenye gwaride. Baba alicheka, akampa jina palepale. Hatukukawia kumpenda. Asubuhi alinisindikiza shuleni hadi kwenye daraja la mbao, akakaa chini kunitazama nikivuka, kisha akarudi peke yake. Enoki alijifunzia kutembea kwa kushika manyoya ya mgongo wake, na hata siku moja Sajini hakumlalamikia.

Lakini bakuli likiwekwa chini, tulikuwa na mbwa mwingine. Mwili wake ulikauka, macho yakageuka meupe pembeni, na mlio ukamtoka kooni, mzito, kama lori la miwa linalopanda mlima. Alikula bila kutafuna. Kuku akipita karibu, alimrukia. Ukimpa mfupa, aliuchukua hadi nyuma ya choo, na huko hata Mama hakuthubutu kwenda. "Hii mbwa inakulanga kama imetoka jela," Mama alisema, na sisi tukacheka.

Sasa niseme jambo ambalo kwa muda mrefu sikupenda kulisema. Likizo ya Agosti ya mwaka ule, nikiwa darasa la tano, niligundua mchezo. Nilichukua fito ndefu yenye ncha iliyopinda, nikangoja Sajini aanze kula, kisha nikalivuta bakuli lake kutoka mbali. Alipandwa na wazimu. Alibweka, akauma fito, akazunguka bakuli huku akimeza alichoweza. Wasichana wenzangu wa jirani walikuwa wakija jioni kutazama. Walipiga mayowe na kukimbilia ukutani, nami nikajiona shujaa. Mwishowe nilimrudishia bakuli, kwa hiyo sikuona kama nilikuwa nimemkosea. Tulifanya hivyo karibu kila siku kwa majuma mawili. Sikuona, au sikutaka kuona, kwamba mngurumo wake ulikuwa unaanza mapema zaidi kila jioni, hata kabla ya mtu yeyote kusogea.

Jumapili moja tulipata wageni kutoka kanisani, na Mama akachinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na hakuna anayeigusa bila ruhusa yake. Siku hiyo Baba alikuwa na furaha, akaichukua kutoka sahani yake na kumpa Enoki mbele ya wageni wote. Enoki alitoka nayo nje, ameinyanyua juu kama kombe, ili kila mtu aione. Pale kizingitini alijikwaa. Firigisi ikaviringika hadi miguuni mwa Sajini, ambaye aliifunika kwa mguu wake wa mbele. Enoki, aliyekuwa amezoea kumvuta mbwa huyo masikio na mkia, aliinama kuchukua kilicho chake.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, na nilisikia mngurumo. Nilijua unamaanisha nini kuliko mtu yeyote pale nyumbani, lakini sikumwita Enoki. Kisha Enoki alipiga ukelele ambao haukufanana na kilio chake cha kawaida. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetobolewa matundu mawili karibu na kidole gumba, na damu ilikuwa inamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Mama alimbeba hadi kwenye pipa la maji, akaosha kile kidonda kwa sabuni ya kipande kwa muda mrefu sana huku akiita jina la Mungu. Baba alikwisha chukua mpini wa jembe. Sajini hakukimbia. Alikuwa amejibana kwenye pembe ya jiko, mkia katikati ya miguu, akitetemeka, na firigisi yenyewe ilikuwa bado chini, hakuila. Mgeni mmoja alimshika Baba mkono, akamwambia kwanza tumkimbize mtoto kwa daktari. Ndipo Baba akautupa mpini, akawapakia Enoki na Mama kwenye baiskeli, wakaenda.

Daktari alimchoma Enoki sindano, akamfunga bandeji, akawaambia jambo ambalo Baba hakulitarajia. Mbwa asiuawe. Afungwe kwa siku kumi, apewe chakula na maji, na atazamwe. Akiugua au akifa kabla ya siku hizo kwisha, mtoto arudishwe mbio, kwa maana huenda mbwa ana kichaa. Kwa hiyo jioni ile Sajini alifungwa kwa mnyororo kwenye mparachichi nyuma ya jiko. Mama alisema waziwazi, "Siku kumi zikiisha, Baba Rispa, mimi sitaki hii mbwa kwa boma yangu. Utajua mahali utaipeleka." Sote tulijua hakuna mahali pa kumpeleka mbwa aliyeng'ata mtoto.

Siku mbili sikula vizuri. Enoki alilala akiwa ameweka mkono wake wa bandeji kifuani mwangu, na kila alipogeuka nilishtuka. Siku ya tatu nilimfuata Baba kibandani kwake, alikokuwa anatengeneza baiskeli, nikasimama pembeni nikichezea kipande cha mpira wa tyubu. Alikuwa anaziba pancha. Bila kuinua uso aliniuliza, "Unataka nini?"

Nilimwambia yote. Fito, bakuli, wasichana, majuma mawili. Nilisema haraka nikiwa nimefumba macho, nikingoja kofi.

Halikuja. Nilipofumbua macho Baba alikuwa amekaa juu ya kigogo, tyubu imemlalia magotini, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Ulikuwa unamnyang'anya kila siku?" aliuliza.

"Nilikuwa namrudishia, Baba."

"Yeye alijuaje kama utarudisha?"

Baba alipangusa mikono yake yenye grisi kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na utoto wake hakuwahi kutusimulia. Tulichojua ni kwamba alikulia upande wa Butere katika nyumba ya watoto kumi na mmoja, na kwamba wakati wa kula alizungushia sahani mkono wake wa kushoto na kumaliza kabla yetu sote. Mama alimtania sana kwa hilo.

"Unajua kile kidole cha baba yako mkubwa Zakayo?" aliniuliza. Nilikijua. Zakayo, kaka yake, alikuwa na kovu kwenye dole gumba, na sisi watoto tuliambiwa alikatwa na panga shambani mwa miwa. "Si panga," Baba alisema. "Ni mimi. Tulikuwa tunakula kwa sinia moja. Zakayo alikuwa anangoja nimege, halafu ananigonga mkono, tonge inaanguka, anaichukua. Kila siku. Wengine wanacheka. Siku moja nikamuuma mpaka wakaniondoa kwa nguvu. Nilipigwa vibaya sana. Hakuna mtu aliuliza kwa nini." Alikitupa kile kitambaa chini. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe."

Kisha aliifunga kazi, ingawa jua lilikuwa bado juu, tukaondoka pamoja. Njiani alinunua mfuko mdogo wa vipande vya mapafu ya ng'ombe kwa mchinjaji. Jioni hiyo Mama alipopeleka bakuli, Baba alimfuata, akasimama mbali, mahali ambapo Sajini hakumngurumia. Akatupa kipande kimoja cha mapafu kikaanguka kando ya bakuli, akageuka, akaenda zake. Baada ya muda akarudi, akatupa kingine, akaenda. Mimi nilisimama mlangoni bila kuelewa. "Tunaongeza," aliniambia. "Hakuna kutoa. Hata kama ni punje ya mahindi. Kesho ni wewe."

Siku ya nne nilitupa mimi, na Baba akaniruhusu kusogea karibu hatua moja tu kila jioni. Siku ya tano Sajini alinguruma nilipotokea, akala kipande, akanyamaza. Siku ya sita nilijisahau nikasogea hatua mbili badala ya moja; alifyatuka hadi mnyororo ukamvuta nyuma, nami nikaangukia matope nikilia. Nilimwambia Baba sitaki tena. Hakunikemea, wala hakunibembeleza. Alirudi kusimama kule mbali tulikoanzia, akanipa mfuko. Tukaanza upya. Nilijifunza jioni hizo kuutazama mwili wa mnyama: jinsi mabega yanavyolegea kabla ya mkia, na jinsi anayekula kwa hofu hainui kichwa kamwe.

Siku ya kumi ilifika. Sajini hakuwa ameugua, na kidonda cha Enoki kilikuwa kimeanza kukauka. Jioni Mama alikoroga ukoko kama kawaida, akachukua bakuli mwenyewe, akalitua chini ya mparachichi na kurudi nyuma, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuja kushuhudia. Sajini alianza kula. Baba alinigusa bega, nikatembea, mpaka nikawa karibu kuliko siku zote. Hapo Sajini aliacha kula. Aliinua kichwa, pua ikidondosha mchuzi, akanitazama usoni. Mkia wake ulipiga udongo mara moja, halafu tena. Alikuwa ananingoja.

Nilimpa kipande, nikarudi. Mama alijipangusa uso kwa ncha ya leso, akasema, "Apewe wiki ingine. Lakini Enoki asikaribie."

Wiki hiyo ikazaa nyingine, na hakuna aliyezihesabu tena. Krismasi ilipokaribia Enoki alikuwa anatupa vipande akiwa amekaa mabegani mwa Baba, huku akipiga kelele za furaha. Sitadai kwamba Sajini aligeuka malaika. Alipewa chakula chake pembeni, na sheria ilikuwa mtoto asiinamie bakuli lake wala mfupa wake, hata awe ametulia vipi. Baba aliisimamia sheria hiyo kwa ukali. Sajini aliishi nasi mpaka nilipokuwa kidato cha pili, akafa kwa uzee, amelala juani. Hakumng'ata mtu mwingine.

Siku hizi ninaishi mjini Kakamega kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Tuna mbwa wawili wakubwa, wa aina inayosifiwa, na chakula chao kinanunuliwa dukani kwa magunia yenye picha. Mchana wanafungiwa kwenye banda, na bawabu huwasukumia sahani kupitia tundu la chini ya wavu, hakuna anayewakaribia wakila. Wamenenepa, wamechanjwa, manyoya yao yanang'aa kuliko ya mbwa yeyote niliyemjua utotoni. Juzi mwanangu wa miaka mitano alisimama mbele ya banda, akawatazama wakila, kisha akaniuliza, "Mama, hawa wanaumanga?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui.