Mafuta Niliyoyatia Kwenye Tambi za Bibi

Siku ya kwanza kazini niliingia kwa mlango wa nyuma, baada ya kuangaza macho barabara nzima kama kuna mtu wa kijijini kwetu Susuni anapita. Enzi zetu mwanamume wa Kikurya akishatahiriwa hakai tena kwenye mafiga. Tata, yaani baba yangu, alikuwa ameshanitangazia mbele ya ndugu zangu: "Ukawapikie watu, halafu kwangu usirudi kula." Sikuwa na shamba, sikuwa na cheti. Nikiikosa kazi ile, sikuwa na pa kwenda.

Nyumba ilikuwa ya Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Tarime mjini. Bosi wangu alikuwa mke wake, ambaye sote tulimwita Mama. Juu ya Mama alikuwepo Bibi, mama mzazi wa mwenye duka, mjane mwembamba wa sari nyeupe, mtu wa sala na kufunga. Mama alinipa sharti kabla hata hajanionyesha maji yalipo.

"Mwita, jikoni kwangu haiingii nyama, haiingii samaki, haliingii yai. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kazi yangu kubwa ikawa tambi za dengu, maana Bibi alizila kila asubuhi na chai. Nyie vijana mnanunua za pakiti, laini kama kamba iliyolowa, mnasema mmekula tambi. Sikilizeni. Unga wa dengu unauchekecha mara mbili. Unatia chumvi, binzari ya manjano, pilipili ya unga, na bizari nyembamba uliyoisaga mwenyewe. Halafu unachemsha samli, unaimwaga juu ya unga mkavu na kuusugua kwa viganja. Hapo ndipo ukavu wa tambi unapopatikana. Utajua samli imetosha ukifumbata unga mkononi nao ukabaki umeshikana. Ndipo unatia maji, kidogo kidogo, mpaka donge liwe laini bila kunata.

Donge unaliingiza kwenye kinu cha tambi, bomba la shaba lenye kisahani cha matundu chini na mpini wa kuzungusha juu, unakamulia moja kwa moja kwenye karai la mafuta ya moto. Mafuta unayajaribu kwa punje ya unga: ikikaa chini, ngoja, ikiruka juu na kuungua, punguza moto. Povu likitulia, zimeiva. Mama alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Usitazame rangi, sikiliza. Zikinyamaza, toa." Mwaka mzima alinisimamia hivyo, mpaka akaniachia jiko.

Sasa niwaambie kosa. Wiki ya Diwali, siku ya Jumatatu, niliiunguza samli. Niliisahau motoni nikipiga soga na muuza maziwa dirishani, ikawa nyeusi kama lami, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ndani. Mama alikuwa mkali, na wiki hiyo alikuwa mkali mara mbili kwa sababu ya wageni wa kutoka Musoma. Nilimwogopa. Chumbani kwangu uani nilikuwa na kopo la mafuta ya ng'ombe ambalo mama yangu alinipa baada ya kuchinjwa fahali kwenye tohara ya mdogo wangu. Kwetu mafuta ya fahali ni heshima. Unampaka mtoto mchanga, unamtilia mgeni kwenye mboga. Nyama ni ile inayotafunwa, yenye mfupa. Mafuta yaliyoyeyushwa yakatulia, nani anayaita nyama? Ndivyo nilivyojidanganya, na wala sikujidanganya kwa shida.

Nikachota vijiko vitatu, nikasugulia unga. Loo! Tambi zilitoka kavu, zinalia mdomoni. Bibi alizila Jumanne, akazila Jumatano, akaniita kunisifu.

Alhamisi ndiyo ilikuwa sikukuu, nami nilikuwa nimekaanga nyingine kwa mafuta yale yale. Bibi alikuwa amefunga tangu alfajiri. Saa kumi jioni Mama akiwa sebuleni anapanga viti, Bibi alikuja jikoni kuchukua sahani ya kwanza apeleke kwa miungu yake, kisha naye afungue kwa hizo hizo. Alikuwa na furaha.

"Unajua kwa nini nazipenda, Mwita? Hazina damu. Mimi tangu kuzaliwa, kitu cha ng'ombe aliyeuawa hakijapita hapa." Akagusa koo. "Maziwa, ndiyo. Samli, ndiyo. Hiyo ng'ombe anatoa mwenyewe, yuko hai. Ng'ombe kwetu ni mama."

Nilimwona anageuka na sahani, anaelekea kwenye chumba cha sala, na pale mlangoni taa zilikuwa zimeshawashwa. Nikawaza: nyamaza, Mwita. Nani atajua? Nikaliwaza geti la tata. Hatua tatu, nne. Alipofika kizingitini nilimkimbilia nikampokonya sahani mkononi. Mtoto wa Kikurya kumpokonya mzee chakula! Tambi zilimwagika sakafuni.

"Bibi, usipeleke. Nimetia mafuta ya fahali."

Bibi alishika mwimo wa mlango. Mama aliposikia kishindo alikuja, akaniuliza, nikarudia. Akanionyesha uani kwa kidole.

"Fungasha. Sasa hivi. Wageni wangu wako njiani na wewe umeninajisi nyumba!"

"Ngoja," Bibi akasema. Akanisogelea. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwita. Ni leo tu?"

Nilimtazama koo, pale alipopagusa. Kama ningesema Jumanne, kama ningesema Jumatano, angejua kwamba tayari kimeshapita.

"Ni leo tu, Bibi."

Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kisha akamgeukia Mama. "Hafukuzwi mtu. Angenyamaza, ningekula. Huyu hasemi uongo."

Karai lile tulilitupa, na kinu, na beseni. Niliosha sakafu kwa majivu na maji ya moto mara saba. Mama aliazima karai na kinu kwa jirani wa dini yao, pamoja na samli, nikaanza upya huku wageni wakicheka sebuleni. Nilikamua, nikasikiliza mpaka zikanyamaza, nikatoa. Bibi alipeleka sahani, akarudi, akafungua, akaniwekea mkono kichwani.

Neno lile la Bibi, kwamba sisemi uongo, likawa cheo changu. Miaka ilipopita, duka likafungwa na Mama na mumewe wakahamia Mwanza, lakini Bibi alibaki Tarime kwa mwanawe mdogo. Mimi nilipelekwa kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Serengeti kwa barua ya Mama. Mpishi Mkuu wa pale, mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande wa Kenya, aliisoma akanipima kwa macho.

"Wewe ndio ule jamaa hadanganyangi? Haya basi, shika funguo ya stoo."

Nilizishika funguo hizo hadi nilipostaafu. Vijana wa vijiji vya Kenyamonta na Nyansurura niliowafundisha kukaanga pale waliambiwa wajifunze kwangu ukweli kwanza, pishi baadaye. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, nakoroga mchuzi.

Siku moja, nikiwa bado kazini, nikaletewa habari kwamba Bibi amezidiwa. Nikaomba ruhusa, nikasafiri hadi Tarime, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Safari hii nitasema, nikajiapia. Nilimkuta kitandani, amekwisha kabisa. Nikamwamkia shikamoo. Aliijua sauti yangu.

"Mwita, naondoka. Wamekufa wote wa rika langu. Wewe uliyenipikia ndiye shahidi wangu. Naenda safi, sivyo?"

Mdomo niliufungua. Mungu ananiona, niliufungua.

"Unaenda safi, Bibi."

Akatabasamu. Alifariki kesho yake.

Tata alishanisamehe zamani, na sasa nimejenga Susuni. Nakaanga tambi nyumbani, kwa samli tu, na wajukuu wanazimaliza kabla hazijapoa. Je, nilimpa Bibi amani, au nilimwibia haki yake ya kujitakasa kwa namna anayoijua yeye? Sijui. Inaniuma, na ninaelekea kule alikokwenda yeye bila kuujua ukweli.

Wiki iliyopita wazee walikuja na kijana mmoja mwenye daftari, wanataka niingie kwenye baraza la kusuluhisha mashauri ya ardhi. Walisema wamekaa, wametafuta, na kijiji kizima kimetaja jina moja la mtu ambaye hajawahi kusema uongo. Niliwakatalia. Wakasema ni uzee, wakanipa pole, wakanywa chai wakaondoka.

Haukuwa uzee.