Mimi Nishindwe Kupika?

Mgongo uliniharibikia hotelini, hapa Sterling, Marekani, karibu na uwanja wa ndege, nikitandika vitanda vya wasafiri. Niliinama kuvuta shuka, nikashindwa kuinuka. Kazi ikaishia hapo. Mume wangu keshatangulia mbele ya haki, na mwanangu yuko Texas. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kizungu. Serikali isipokubali kwamba siwezi kazi tena, hakuna msaada, na bila msaada chumba changu chenyewe kinaniponyoka.

Nikaitwa kwa daktari wa serikali, anayepima nani anaweza kazi na nani hawezi. Nilijipamba, bwana! Buibui jipya, wanja, nikajifukiza udi. Kwetu Mombasa hutoki mbele za watu umejiachia hivi hivi.

Daktari aliweka simu mezani, na ndani ya simu alikuwamo mkalimani.

"Jambo, mama yangu," ikasema sauti ya mwanamke kijana, kwa Kiswahili cha Kongo. Machozi yalinilengalenga. Wiki nzima sikuwa nimesalimiwa na mtu kwa lugha yangu. Nikamuuliza kwao wapi, ana watoto, wazee wazima? Daktari akakohoa.

"Mama, anauliza kama unaweza kujipikia."

Hebu fikiri! Angeniuliza daktari mwenyewe, ningemwambia ukweli, maana kazi yake ni kusikia maradhi. Lakini kuulizwa na mwanamke mwenzangu, kwa Kiswahili, kama naweza kupika? Nyoo!

"Mwambie mimi ndiye mpishi wa biriani la arusi. Watu wanakula wanaramba vidole."

Na sufuria lenyewe sijaliinua tangu siku ile ya hotelini. Nakula mkate na chai, nimeegemea sinki.

"Nyumba unafagia?"

"Kwani naishi zizini?"

"Na ukianguka, nani atakuja?"

"Nina watu tele, mwanangu."

Akacheka, akasema mama una nguvu. Nilirudi na basi mgongo unawaka moto, lakini roho kwatu.

Wakaamua kwamba naweza kazi.

Nililia kwa hasira, na hasira zote ni juu yangu mwenyewe. Nikakata rufaa. Safari hii nilisikilizwa kwa simu, nimekaa kitandani, na mkalimani alikuwa mwanamume wa Nairobi mwenye haraka zake. Hakimu akauliza yale yale. Kupika? Siwezi. Kufagia? Siwezi. Viatu navaaje? Navaa malapa, hata kwenye baridi, kwa sababu siwezi kuinama. Kila "siwezi" ilinitoka kama jino.

"Na nani anakusaidia hapo nyumbani, mama?"

Kusema mgongo umekufa ni aibu ya mwili tu. Hii nyingine nilikuwa sijaisema hata nikiwa peke yangu.

"Sina mtu."

"Sijakusikia mama, simu inakatakata."

"Sina mtu!" nikapiga kelele, mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nikakubaliwa.

Siku habari ilipofika nilizunguka chumbani na simu mkononi kama kuku anayetaka kutaga. Mwanangu alikuwa kazini, hakupokea. Nikawafikiria wa Mombasa, lakini kule walikuwa wamelala. Mwisho nikapiga simu ofisi ile ile iliyonikubali, nikaomba mkalimani wa Kiswahili. Akaja binti mwingine, Mtanzania kwa lafudhi yake.

"Shikamoo mama. Wanauliza una shida gani."

"Marahaba, mwanangu. Sina shida. Nilitaka tu kukwambia, nimekubaliwa."

"Hongera sana, mama. Sasa niwatafsirie?"

"La, usiwatafsirie," nikamwambia. "Hiyo nimekwambia wewe."