Kama Tusingekuja

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Alfajiri ilinyesha mvua nyepesi, ikakatika kabla watu hawajatoka kwenda kazini, na kufika saa nne jua lilikuwa linawaka kama vile hakukuwa na mvua.

Siku hiyo Bi Sawasawa aliamka mapema, akapiga pasi gauni lake la kijivu, akalitazama, akalipiga tena. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, na kwa kuwa Kiingereza chake kilinyooka, kila mgeni alipokuja aliitwa yeye kutafsiri. Kabla ya kutafsiri lolote alisema kwanza, "Sawasawa," akanyamaza kidogo kama anayeonja mchuzi, ndipo akaanza. Kampuni ilifungwa, lakini jina lilimfuata hadi nyumbani.

Safari hii wageni walitoka katika nchi ndogo ya mbali, ile iliyojenga wodi ya wazazi kwenye zahanati ya mtaa. Nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa mafuta ya jenereta na mshahara wa mkunga mkuu. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka, nao wametumwa kutathmini kama msaada wao umefaa kitu, ndipo wakubwa wao waamue waendelee au wafunge virago. Na mkunga mkuu alikuwa mdogo wake Bi Sawasawa, wa baba mmoja mama mmoja.

Jioni iliyotangulia, mdogo mtu alikuja, akasimama mlangoni mwa jikoni bila kukaa.

"Dada, kesho wewe ndiye ulimi wetu."

"Ulimi wa kila mtu. Wamenikodi wao."

"Wamekukodi siku moja. Mimi ni wako siku zote." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine zaidi ya kuku. "Wana swali lao moja la mtego. Wanauliza, kama tusingekuja, hapa kungekuwa na nini? Mji wa pili huko, mganga akajibu kwa maringo kwamba wangejikongoja tu. Mwezi haukuisha, mradi umeondoka."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Dada, usinihoji kama polisi. Tumekubaliana hapa kila mtu ajibu kwamba tungekufa. Basi. Na chumba cha nyuma ni stoo."

Bi Sawasawa hakusema sawasawa wala si sawasawa. Aliendelea kuchambua mchele.

Jumanne hiyo zahanati ilikuwa imefagiliwa hadi ukaidhani si yenyewe. Vitanda vilikuwa na shuka mpya ambazo mikunjo ya dukani haijatoka, na mlango wa nyuma ulitiwa kufuli la baiskeli. Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi, aliyeuliza maswali yote. Wa pili alikuwa mwanamke wa miwani, aliyetambulishwa kwa jina tu bila kazi. Alikaa pembeni akimenya chungwa taratibu, hasemi kitu.

Mlinzi wa getini, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, alikuja akasimama karibu, paka wake akichezea kamba za kiatu chake, akamwambia Bi Sawasawa, "Nasikia nchi yenyewe ni ndogo, mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanamwambia pole."

Mwanamke wa miwani akatabasamu.

Machale yalimcheza Bi Sawasawa. Hakuna aliyekuwa ametafsiri. Alimtazama yule mama, na yule mama akayarudisha macho kwenye chungwa lake. Ahaa, akajisemea, kumbe wamekuja na sikio la akiba. Mmoja anauliza, mwingine anasikiliza kama mkalimani anauma maneno. Tangu hapo hakutafsiri neno bila kulichungulia chungwa lile kwanza.

Mahojiano yalifanyika kwenye benchi la wajawazito. Mwanamume mrefu aliuliza swali lake, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati akajibu, "Tungekufa." Mfagiaji akaulizwa. "Tungekufa." Mama mmoja aliyekuja kupima uzito wa mtoto, na ambaye kwa jinsi alivyonenepa hakuonekana mtu wa kufa karibuni, naye alisema wangekufa, yeye na mtoto na bibi yake.

Mgeni alishusha kalamu. Akamgeukia Bi Sawasawa, akamuuliza kwa upole unaouma: haya maneno ni yao, au ni yako?

Uso ulimwaka. Miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa hivyo. "Ni yao," alijibu. Lakini alijua kwamba kwa macho ya mtu yule, yeye na watu wake wote wameshaingia kapu moja.

Ndipo ikafika zamu ya mkunga mkuu. Alikaa wima, mikono mapajani, akasema tungekufa kama wenzake. Mgeni akauliza kile chumba chenye kufuli ni cha nini. Mkunga akatabasamu kuelekea kwa mgeni, huku maneno akiyatupa kwa dada yake haraka haraka:

"Dada, mwambie ni stoo. Asijue tulikuwa tunajenga wenyewe, akijua tu tumekwisha. Na mimi kazi sina."

Bi Sawasawa alitazama pembeni. Chungwa lilikuwa limesimama. Mwanamke wa miwani alikuwa anamtazama yeye, usoni kabisa, hapepesi.

"Sawasawa," alisema Bi Sawasawa. Kisha akatafsiri. Akatafsiri yote: stoo, na asijue, na kujenga wenyewe, na kazi sina. Hakubakiza hata lile neno Dada.

Kiingereza cha mkunga kilikuwa cha kuombea maji, lakini kilitosha kujua kwamba ameuzwa. Uso ulimshuka. Alinyanyuka, akaenda kufungua kufuli.

Hakukuwa na stoo. Mlango ulitokea uani, kwenye kuta za tofali zilizofika usawa wa dirisha, bila paa, majani yamejiotea ndani. Wanawake wa mtaa walikuwa wakijenga chumba chao cha kuzalia, kila mmoja akija kliniki anabeba tofali lake. Walipofika dirishani, nchi ndogo ikasimamisha kibao chake mbele.

"Kwa nini waliacha?" aliuliza mgeni.

Mkunga alimtazama dada yake, akasema polepole, kama anayemwamuru, "Mtafsirie na hili. Mlipokuja ninyi, watu waliacha kuleta matofali. Walisema wageni watamalizia. Mimi nilisema vivyo hivyo."

Mgeni alizunguka zile kuta, akagusa tofali la juu. Aliandika kwa muda mrefu, akashukuru. Shukrani yake haikuwa na rangi. Ungeweza kuisoma vyovyote upendavyo.

Walipokuwa wanaingia garini, Bi Sawasawa alimsogelea mwanamke wa miwani. Alitaka kumnasa kwamba anajua Kiswahili. Akamwambia kwa Kiswahili cha mbiombio, bila kubadilisha uso, "Dada, kuna nyuki mkubwa kwenye kola yako."

Mwanamke yule hakuigusa kola, akatabasamu tu na kuitikia kwa kichwa. "Asante sana," akasema, kwa matamshi ya kitabu, akaketi na kujifunga mkanda.

Gari liliondoka. Paka wa mlinzi alikuwa miguuni pa bwana wake, anachezea kamba za kiatu kama alivyofanya tangu asubuhi, na Bi Sawasawa alimkodolea macho paka yule mpaka akaelewa kilichomchekesha yule mama wa miwani.

"Umepata nini, Bi Sawasawa?" aliuliza mlinzi.

"Mfunge paka wako."

Mdogo wake alikuwa ndani akizikunja zile shuka mpya. Bi Sawasawa alimweleza kila kitu: chafya, chungwa, paka, nyuki. Mkunga alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani ulisema kweli kwa sababu ulidhani kuna mtu anakusikia."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nakusikia. Mimi si mtu?"

Bi Sawasawa alichukua mkoba wake. Alirudi nyumbani akawaza kama wale watu watabaki au wataondoka, na kila alipoigeuza ile shukrani ya yule mwanamume hakuona mahali pa kuishika. Hakuwaamini. Wala hakujiamini sana yeye mwenyewe.

Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, alichukua ndoo, akatia matofali matatu yaliyobaki nyuma ya nyumba yake, akaenda nayo zahanati akipumzika kila kona. Alipita uani, akang'oa majani kidogo, akayapanga matofali juu ya ukuta karibu na dirisha.

Mkunga alikuwa anamtazama kutoka wodini.

"Moja lina ufa," alisema.

"Sawasawa," alijibu dada yake, akalitoa.