Nilipiga picha ya ukoo mzima, aliyetoka vizuri ni mbuzi peke yake

Wakuu, heshima kwenu. Ninachosimulia hapa sijakiongezea chumvi, na ushahidi upo ukutani kwa bibi yangu huko Uru. Picha yenyewe siiweki humu. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Nimepanga Pasua, hapa Moshi mjini. Nilijipatia camera ya mtumba nikaanza kujifunza mwenyewe YouTube.

Sikuanza na Auto, ile ambayo camera inajipangia kila kitu yenyewe. Mwalimu wangu wa mtandaoni alisema Auto ni ya watalii, na mimi ni mtu ambaye hata nikiandika meseji ya "poa" naisoma tena kabla ya kuituma. Maneno hayo yaliniingia.

Wa kwanza kuteseka alikuwa Mama Neema, mwenye genge nje ya geti letu. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu hawekwi katikati ya picha, nikamweka pembeni kabisa. Nikamwonyesha ile picha.

"Baba, genge ni langu. Mbona nimekaa kama mpita njia?"

Nikafuta. Nikapiga nyingine, ikatoka giza. Nyingine ikampaka uso unga. Mwisho akatoka ukungu mtupu, ila parachichi zilizokuwa mbele yake ungeweza kuzihesabu vipele.

Ile ilikuwa dalili. Mimi nikaona ni sanaa.

Desemba ikafika, na sisi Wachagga mnatujua, kila mtu anapanda kwao.

Bibi alikuwa na ombi moja. Watoto wake wametawanyika Dar, Mwanza na Mbeya, na tangu wawe watu wazima hawajawahi kuwa kwenye picha moja. Safari hii wote walikuwa wanakuja kwa misa ya shukrani nyumbani.

"Nipigie moja tu niiweke sebuleni," aliniambia. "Hawa kuwapata tena wote nikiwa hai, sijui."

Mtu mwenye akili angepiga picha. Mimi nikatafuta background.

Nilitaka mlima uonekane nyuma yao. Sasa wakuu, mtoto yeyote wa hapa anajua mlima hufunguka asubuhi na mapema, halafu labda jioni. Mimi nimezaliwa hapa. Na nilipanga ukoo mzima kwenye majani, saa saba mchana, nikawaambia tusubiri wingu litoke.

Baba mdogo wa Dar alivumilia, halafu akachoka.

"Huo mlima nimezaliwa nimeukuta. Piga, nyama inapoa."

"Dakika moja, baba mdogo."

"Ulisema hivyo tukiwa bado na nywele."

Watu wakacheka, jasho likanitoka. Yeye ndiye akaamua kwamba kama mlima hautaki kuja, basi ndafu aje. Kwa ndugu zangu wa mikoa mingine, ndafu ni mbuzi mzima wa kubanikwa, anawekwa mezani akiwa amepewa majani mabichi mdomoni. Wakamleta, wakamweka mbele kabisa, katikati. Bibi nyuma yake, wengine nyuma ya bibi.

Nikafungua aperture, lile tundu la lenzi, mpaka mwisho, maana nilijifunza kwamba blur, ule ukungu wa nyuma, ndiyo inayotofautisha professional na mtu wa simu. Focus nikaiacha katikati. Nikapiga. Kwenye kile kioo kidogo cha camera, juani, kila kitu kilionekana safi. Nikakagua kama wamesimama mstari ulionyooka, nikakagua rangi ya anga.

Kuzoom nyuso za watu sikukumbuka.

Kesho yake asubuhi wakaondoka wote, akabaki shangazi wa Mwanza, ambaye ni nesi. Nikashuka Pasua, nikafungua picha kwenye laptop.

Mbuzi alikuwa ametoka vizuri, wakuu. Meno yake, jani moja moja mdomoni, mafuta yanang'aa puani. Nyuma yake kulikuwa na ukungu wenye mashati.

Nilifikiria kusema memory card imeungua. Lakini bibi alikuwa anapiga simu kila siku kuulizia, nikaisafisha, nikaitia kwenye fremu, nikapanda nayo Uru kama mtu anayepeleka msiba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Lete."

Akaishika karibu na uso. Nikaanza kuomba msamaha, akaniambia ninyamaze. Akaweka kidole kwenye ukungu wa kwanza.

"Huyu wa Mbeya, amesimama kama marehemu baba yake." Kidole kikasogea. "Huyu wa Dar, tumbo hilo. Huyu ni wewe, mama," akamwambia shangazi.

Hakukosea hata mmoja. Akasema picha ni nzuri sana, tumetoka kama tulivyo.

Nikapumua. Shangazi hakupumua.

"Mama, kwani sisi unatuona hivyo?"

"Kwani nyie mnaonanaje?"

Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulidhani anatutambua kwa sura, kumbe ni kwa sauti, umbo na mwendo, na mwenyewe alishazoea akaona ndiyo kawaida. Shangazi akaahirisha safari, akampeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji. Namshukuru Mungu, ulikwenda vizuri.

Nilikuwepo siku aliporudi nyumbani. Aliangalia migomba, akaangalia mikono yake, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya ukuta.

Akaisogelea ile picha.

"Hii nani alipiga?"

"Mimi, bibi."

"Mbuzi umempatia."

Amekataa itolewe ukutani. Wageni wakija anawaonyesha kwa kidole nani ni nani, halafu anawaonyesha aliyepiga.

Nilichojifunza: watu wakiwa safu safu, funga aperture, focus weka kwenye macho ya mtu aliye hai, na zoom kabla hujawaruhusu watu wakale. Mlima hauna haraka na picha yako.

Desemba ijayo bibi anataka nyingine. Ameagiza ndafu abaki jikoni. Wazoefu wa picha za kundi, aperture nianzie f ngapi? Na wale mlioharibu kazi kubwa zaidi ya hii, jitokezeni hapa chini, nisiwe peke yangu.