Mikono ya Mama Neema

Juzi dukani Burnsville, mji wa huku ughaibuni tunakoishi, nilimwona mama mmoja anachagua nyanya, bastola kiunoni, nikamkumbuka jirani yetu Mama Neema.

Mchana mmoja wa joto, nilipokuwa mdogo, hewa ilinukia majani yaliyotoka kukatwa. Polisi walikuwa wamembana kaka yangu Baraka kwenye gari letu, eti anafanana na mtu wanayemtafuta. Mama Neema akatoka, kanga begani, bastola yake yenye kibali kiunoni, maana huku sheria inaruhusu kuibeba wazi. Majirani wawili wakamfuata, nao wakiwa na bastola zao. Wakasimama kwenye nyasi, wamekunja mikono kifuani.

“Tunaangalia tu, ofisa,” Mama Neema alisema. “Huyo ni mtoto wetu.”

Mimi, kwa kuona mikono ile, nikadhani anasikia baridi, nikamkimbilia na sweta.

“Mwanangu, usikimbie. Simama hapo hapo,” aliniambia taratibu, bila kugeuka.

Sasa najua alitaka polisi waone mikono yake iko mbali na bastola. Waliona, wakashusha sauti, wakamwachia Baraka.

“Anti, hukuogopa?” Baraka aliuliza.

“Weee! Hebu nishike mkono nifike nyumbani.”

Kaka akamshika mkono, wakavuka nyasi polepole. Mpaka leo sijaona shujaa anayetembea vizuri kama yule.